Maharage ya shilingi 1,500

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Jioni zangu zote zimeliwa na JavaScript, lugha ya kompyuta inayoendesha kurasa nyingi tunazofungua kila siku kwenye intaneti. Mimi ni mwandishi wa habari, sikusoma kompyuta chuoni, na mwaka jana nilijiambia kwamba nimechoka kumsubiri mtu wa ufundi kila ninapotaka jedwali dogo la takwimu. Nitajifunza mwenyewe. Leo nataka kusimulia neno moja tu la lugha hiyo lililonitesa, halafu niseme ninalofikiri juu ya namna tunavyofundishana mambo haya hapa kwetu. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kwanza kisa chenyewe. Nilitengeneza ukurasa mdogo wa bei za vyakula sokoni kwa ajili ya chumba chetu cha habari. Asubuhi napiga simu kwa wafanyabiashara wawili watatu wa Tandale na Mabibo, naandika bei kwenye kisanduku, na jedwali linajisasisha lenyewe kila dakika. Unga wa sembe, mchele, maharage, sukari, mafuta ya kula. Basi. Hakuna cha ajabu, lakini kwangu ilikuwa kama nimejenga ghorofa.

Siku ya kwanza niliufungua kwenye kompyuta ya katikati ya chumba, wenzangu wakaja kutazama, maharage yakasomeka shilingi 3,200 kwa kilo kama nilivyoambiwa asubuhi. Nikapongezwa. Nikaenda kunywa chai. Huku nyuma, dakika moja ilipotimia, maharage yakageuka kuwa shilingi 1,500. Hakuna kengele iliyolia, hakuna wino mwekundu. Namba tu, safi, imekaa mahali pake kama namba nyingine.

Mwenzangu mmoja wa dawati la biashara akaiona, akafurahi, akaandika habari. Bei ya maharage yaporomoka. Aya nne. Aliyetuokoa ni mama wa prufu, anayesoma kurasa kabla hazijaenda mtamboni. Aliinuka na karatasi mkononi, akauliza kwa sauti chumba kizima: "Yameshuka lini haya? Mimi nimenunua jana kwa elfu tatu na mia mbili, na nilibembeleza sana." Habari ikatolewa. Mimi nikabaki nimeshika kikombe cha chai.

Hebu nieleze kilichotokea, na nitajaribu kutotumia lugha ya wachawi.

Kwenye JavaScript unaweza kutengeneza kitu wanachokiita obijekti. Ni kama fomu yenye vipengele: kila kipengele kina jina na kilichomo. Vipengele hivyo ndivyo nitakavyoviita sifa. Fomu yangu ya maharage ilikuwa hivi:

var maharage = {
  bei: 3200,
  onyesha: function () {
    sandukuLaMaharage.textContent = "Sh " + this.bei;
  }
};

Sifa ya kwanza ni bei. Sifa ya pili ni funksheni, yaani kazi ambayo kompyuta itaifanya ukiiita. Na humo ndani kuna lile neno: this. Walionifundisha walisema maana yake ni "obijekti hii", kwa hiyo this.bei ni bei ya maharage haya. Nikaamini. Ukiandika maharage.onyesha() unapata Sh 3200, na kweli nikapata. Kisha nikaiambia kompyuta irudie kila dakika:

setInterval(maharage.onyesha, 60000);

Sekunde 60, yaani milisekunde 60,000. Hapo ndipo maharage yalipouzwa kwa hasara.

Hiyo 1,500 ilitoka wapi? Juu kabisa ya faili, siku ya kwanza ya majaribio, nilikuwa nimeandika var bei = 1500; nikasahau kuifuta. Haikuhusiana na maharage. Haikuhusiana na chochote. Ilikuwa imekaa tu pale kama kiti kilichoachwa barazani.

Nikamuuliza rafiki yangu anayelipwa kufanya kazi hizi. Akacheka, akasema: "Weka tu bind hapo, kaka." Nikaweka. Ikafanya kazi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Wewe weka tu, ndivyo inavyokuwa." Wiki tatu baadaye jamaa mwingine akauona msimbo wangu, akaniambia bind ni ya kizamani, siku hizi watu wanatumia mishale, yaani ile alama ya => badala ya neno function. "Weka tu mshale kila mahali." Nikaweka kila mahali. Safari hii mambo hayakusubiri hata dakika: sembe 1,500, mchele 1,500, maharage 1,500, sukari 1,500, mafuta ya kula 1,500. Angalau hii kila mtu aliiona.

Ndugu zangu, ni hii "weka tu" ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Jumapili iliyofuata sikwenda popote. Nilikaa na daftari, nikajiambia siinuki mpaka nijue neno hili linamtaja nani. Na nilipokuja kuelewa niligundua kwamba jambo lenyewe si gumu hata kidogo, na kwamba mimi kama mwandishi wa habari nilipaswa kulielewa kabla ya hao wataalamu.

Tuanze na sifa. Nilidhani funksheni imo ndani ya obijekti kama mbegu ndani ya papai. Siyo. Sifa imehifadhi tu njia ya kuifikia hiyo funksheni. Ni kama namba ya fundi rangi iliyoko kwenye simu yako. Fundi hayumo ndani ya simu, wala si wako peke yako. Namba hiyohiyo inaweza kuwa kwenye simu ya jirani. Jaribu mwenyewe: andika mchele.onyesha = maharage.onyesha; halafu iulize kompyuta kama hizo mbili ni kitu kimoja kwa kutumia ===. Itakujibu true. Fundi ni mmoja, simu mbili.

Sasa, fundi huyo anapaka rangi nyumba ya nani? Ya yule aliyempigia. Ukimwita kutoka kwa maharage, yaani maharage.onyesha(), atakwenda kwa maharage. Ukimwita kutoka kwa mchele, atakwenda kwa mchele na kusoma bei ya mchele. (Kwa msimbo wangu angeiandika bado kwenye kisanduku cha maharage, lakini hiyo ni aibu nyingine.) Yaani kilicho kushoto kwa nukta wakati wa kuita ndicho kinachoamua. Wakati wa kuita, si wakati wa kuandika! Nilipoandika setInterval(maharage.onyesha, 60000) sikumwita fundi. Nilichukua namba yake nikampa mtu wa tatu, nikamwambia: mpigie wewe kila dakika. Mtu wa tatu akapiga, bila kutaja maharage, kwa sababu hakuambiwa habari za maharage. Fundi akaenda panapoishia wasio na kwao, yaani window, obijekti kubwa ya kivinjari inayobeba vitu vyote vya ukurasa. Na kwa kuwa kitu chochote unachokitangaza kwa var nje ya funksheni kwenye hati ya kawaida kinageuka kuwa sifa ya window, pale alikuta bei. Elfu moja na mia tano. Akapaka.

Laiti ningetumia let, iliyoingia katika lugha hii mwaka 2015, bei yangu ya majaribio isingening'inia kwenye window, na jedwali lingeonyesha "Sh undefined". Lingekuwa jambo la aibu, lakini hakuna mtu angeandika habari kwamba maharage yameshuka hadi undefined. Wengine watasema ningeandika "use strict" iliyokuja mwaka 2009. Kwa kosa langu hili isingenisaidia, kwa sababu setInterval ya kivinjari inamkabidhi fundi hiyo window yenyewe, mkali usiwe mkali.

Na hapo hapo nimeshika tabia moja ya sifa ambayo inapaswa kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa. JavaScript haigombi ukiiuliza obijekti sifa ambayo haina. Ukiandika maharage.bie kwa kuteleza kidole, hupati kosa, unapata undefined. Ukiandika maharage.Bei = 3300 kwa herufi kubwa, haibadilishi bei; inatengeneza sifa mpya pembeni na kuiacha ile ya zamani ikiendelea kusomwa. Ni karani mpole ambaye hakatai kitu, na makarani wapole sote tunajua wametugharimu kiasi gani.

Nikasema mwandishi wa habari alipaswa kulijua hili. Fikiria daftari langu la kazi. Jumatatu nimeandika humo, kwa haraka, kwenye mkutano wa watu wanane: "Mimi sitagombea tena." Nikafunga daftari. Ijumaa nafungua. Mimi nani? Daftari halijui. Neno "mimi" lina maana kamili mdomoni mwa anayelisema, na likishatolewa pale halibebi mwenyewe. Vivyo hivyo "hapa", "jana", "sisi", "hawa jamaa". Wahariri wetu wa kwanza walitupigia kelele juu ya hilo: nani kasema, kasemea wapi, akiwa anajibu swali gani. Mtu anasema "tutawafukuza" akizungumzia ng'ombe walioingia shambani, wewe unaikata na kuipeleka kwenye habari ya wamachinga, na nchi inawaka. Maneno ni yaleyale, hujaongeza hata nukta. Umebadilisha muktadha tu.

Basi this ni "mimi" ya kompyuta. Na bind ni kile tunachofanya kila siku: kuyafunga maneno kwa msemaji wake, "alisema fulani", ili popote yatakapopelekwa jina liende nayo. Rafiki yangu angeniambia hivyo ningemwelewa katika nusu dakika.

Na mshale? Marehemu bibi yangu hakujua kusoma. Barua za mjomba kutoka Mwanza nilikuwa nazisoma mimi, nikiwa darasa la nne. Nilikuwa nasoma kwa sauti: "Mimi huku sijambo, nimepata kazi." Bibi hakufikiri hata siku moja kwamba mjukuu wake aliye mbele yake kapata kazi. Katika barua, "mimi" ni wa aliyeiandika, mahali ilipoandikwa, hata isomwe na nani. Mshale ni barua. Hauna this yake. Unachukua ya mahali ulipoandikwa, na hakuna bind itakayoubadilisha. Ndiyo maana nilipoigeuza onyesha kuwa mshale ndani ya fomu yangu mambo yaliharibika yote. Yale mabano ya obijekti si nyumba, hayana this yao. Mshale ulitazama nje ukaona window, kwa vyakula vyote vitano, tangu sekunde ya kwanza. Mahali pake palikuwa kwenye ule mstari wa dakika:

setInterval(() => maharage.onyesha(), 60000);

Hapo mtu wa tatu anapewa barua, na ndani ya barua imeandikwa wazi: mwite fundi, kwa maharage. Tazama nukta ipo, na maharage yapo kushoto kwake.

Sasa nije kwenye maoni yangu, maana hapa si darasani.

La kwanza ni kuhusu neno lenyewe. Brendan Eich aliitengeneza lugha hii mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, kwa siku 10. Ikaitwa Mocha, ikaitwa LiveScript, na Desemba ya mwaka huohuo ikapewa jina la JavaScript kwa sababu Java ndiyo iliyokuwa gumzo la mji. Ilitakiwa ifanane na Java kwa sura, ikachukua this kutoka huko. Lakini tabia yake ya obijekti ilitoka kwa lugha nyingine kabisa, Self, waliyoibuni David Ungar na Randall Smith kule Xerox PARC miaka ya 1980. Humo neno hilo ni self, yaani nafsi yangu, mwenyewe. Yaani walichukua mwili wa mmoja wakauvika shati la mwingine. Kwa mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni kama mimi, this ni "hiki", kitu kilicho karibu, unachoweza kukigusa kwa kidole. Nikaona this ndani ya mabano ya maharage nikasema inahusu maharage haya, si yako hapa? Ningeambiwa mapema kwamba ni "mwenyewe aliyeniita", nisingetafuta maana yake kwenye ukurasa, ningeitafuta kwa aliyepiga simu. Watu wa Python wana utaratibu wa kuiandika waziwazi: mwenyewe anaingia kama kitu cha kwanza ndani ya mabano ya funksheni, kila mtu anamwona mlangoni. Na waandishi wa JavaScript wenyewe, kwa miaka mingi kabla ya 2015, walikuwa wakiandika var self = this; ili wasipotee. Walilirudisha lile neno la zamani kwa mlango wa nyuma.

La pili ndilo linaloniuma. Tunafundishana kwa Kiingereza ambacho wengi wetu tulikikariri, mambo ambayo nayo tunayakariri. Tumetoka shule ambako ukiuliza "kwa nini" mara ya pili unaambiwa unachelewesha wenzako. Sasa tumekuwa mafundi na tunarithishana jambo hilohilo: weka tu. Siku hizi hata huhitaji rafiki. Unaiuliza programu ya akili bandia, inakupa mstari uliokamilika, unaubandika, jedwali linasomeka sawa, unakwenda kunywa chai. Sisemi usiiulize. Mimi naiuliza sana. Ila nikipewa bind bila kujua inafunga nini kwa nani, nipo palepale nilipokuwa na yule rafiki yangu, na tofauti ni kwamba huyu hachoki.

Nilimweleza jamaa haya akanijibu kwa hoja ambayo si mbaya. Akasema: "Unapanda daladala bila kujua injini. Una kazi, una saa ya mwisho ya kupeleka habari, jedwali limepona, unataka nini zaidi?" Kwa mambo mengi nakubaliana naye. Sijui umeme unafikaje kwenye hii kompyuta na sina mpango wa kujua. Lakini abiria wa daladala haweki saini kwamba injini ni nzima. Mimi niliweka. Jedwali lilikuwa na jina langu chini yake, na lingetoka gazetini, na mama lishe mmoja huko Buguruni angekwenda sokoni na hela ya maharage ya 1,500. Asubuhi ile angeniuliza namba imetoka wapi ningemjibu nini? Kwamba niliambiwa niweke tu?

Ndiyo maana nimeanza kuandika maelezo haya kwa Kiswahili, kwa fundi rangi na barua za bibi, kwa ajili ya wenzangu wawili ofisini ambao wameniomba niwafundishe. Juzi tulikaa saa nzima baada ya kazi. Mmoja wao, binti wa dawati la michezo, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: kama fundi ni mmoja na simu ni nyingi, mtu akibadilisha namba kwenye simu moja, nyingine zitajuaje? Nikamwambia hazitajua. Akasema basi kuna siku itatuumiza. Ana haki. Hapo tutaingia kwenye prototype, na bado sijaijua vya kutosha kuandika neno hapa.

Ule mstari wa var bei = 1500 nimeufuta. Jedwali sasa lina wiki sita halijadanganya, au halijakamatwa. Mama wa prufu hulitazama kila jioni kabla hajaenda kupanda gari la Gongo la Mboto, na jana alinigongea meza akaniambia: "Mwanangu, humo vitunguu mbona hamna?"